Majina Yanayotaka “the” na Yasiyoitaka

Ukiandika barua ya kuomba kazi kwa Kiingereza, unaweza kwenda vizuri mpaka ufike kwenye majina. Uandike umesoma “University of Dodoma” au “the University of Dodoma”? Unaishi karibu na “Lake Victoria” au “the Lake Victoria”? Ulifanya kazi “Oman” au “the Oman”? Hapo wengi hubahatisha. Na mtu akishabahatisha mara tatu katika barua moja, anayeisoma anaona wazi kwamba mwandishi hana uhakika.

Majibu ni haya: “the University of Dodoma”, “Lake Victoria” na “Oman”. Ukiyatazama juu juu utadhani hayana mpango. Mpango upo, na unaweza kuushika bila kurudi darasani. Tuupitie hatua kwa hatua, kwa majina unayokutana nayo kwenye barua, fomu, usaili na kazi ya kuongoza watalii.

“The” inafanya kazi gani?

“The” ni kineno ambacho Kiingereza hukiweka mbele ya nomino kuonyesha kwamba anayesema na anayesikia wote wanajua kinachotajwa ni kipi. Walimu wa lugha hukiita kibainishi. “A teacher” ni mwalimu mmoja, yeyote yule. “The teacher” ni mwalimu tunayemfahamu, tuliyekwisha kumtaja. Sisi tukisema “Mwalimu amefika” tumemaliza. Mazungumzo yenyewe yanatuambia ni mwalimu gani, na tukitaka kukazia tunasema “yule mwalimu”. Kwa kuwa Kiswahili hakitulazimishi kuweka chochote hapo, tukiingia kwenye Kiingereza tunakosea kwa njia mbili: tunaiacha “the” mahali inapotakiwa, au tunaitia kila mahali kwa kuogopa kuikosa.

Kanuni ya kuanzia ni ipi?

Nomino za pekee ni majina ya mtu, mahali, taasisi au kitu kimoja mahususi, yale yanayoanza kwa herufi kubwa: Asha, Tabora, Kenya, Makerere. Jina la namna hii linajitosheleza. Ukisema Tabora, hakuna atakayekuuliza Tabora ipi. Kwa hiyo Kiingereza hakioni haja ya kuongeza “the”. Watu, mabara, nchi nyingi, mikoa, miji, vijiji, mitaa, siku, miezi na lugha, vyote hivyo huandikwa vitupu: “Asha was born in Tabora in March and she speaks Swahili.” Hii ndiyo kanuni mama. Ukikwama kabisa na jina la mtu au la mahali, na huna wa kumuuliza, iache “the”. Mara nyingi utakuwa sahihi.

Kwa nini basi majina mengine yanaitaka?

Sababu mara nyingi iko kwenye umbo la jina lenyewe. Jiulize maswali matatu.

Swali la kwanza: je, jina limejengwa kwa maneno ya kawaida ya kamusi? Tazama “the United Kingdom”. “Kingdom” ni ufalme, na “united” ni sifa yake, kwamba umeungana. Ndani yake hamna jina la mtu wala la mahali. Jina ambalo kiini chake ni neno la kawaida kama jamhuri, umoja, baraza, benki au chuo linataka “the”. Dalili kubwa ni neno “of” kufuata baada ya kiini hicho: “the Republic of Kenya”, “the Bank of Tanzania”, “the University of Nairobi”.

Swali la pili: je, jina liko katika wingi? Kundi la visiwa, safu ya milima, ukoo mzima. Majina haya kwa kawaida huishia na herufi s. Nayo hutaka “the”: “the Comoros”, “the Usambara Mountains”.

Swali la tatu: je, ni mto, bahari au jangwa? Hapa huhitaji kutazama umbo. Weka “the” moja kwa moja: “the Nile”, “the Red Sea”, “the Sahara”.

Ukijibu ndiyo hata mara moja, weka “the”. Ukijibu hapana mara zote tatu, iache. Kuna angalizo moja tu la kukumbuka: jina la mtu au la mahali likitangulia neno la kawaida, jina hilo ndilo hutawala, na “the” kwa kawaida huondoka. Ndiyo maana tunaandika “Makerere University”, “Moi Avenue” na “Muhimbili National Hospital” bila chochote mbele, ingawa chuo, barabara na hospitali ni maneno ya kawaida. Angalizo hili haligusi wingi, mito, bahari wala majangwa. Hayo hubaki na “the” yake.

Sasa tuyapime maswali hayo kwenye makundi ya majina, moja baada ya jingine.

Nchi: jina fupi na jina rasmi

Nchi nyingi zina majina mawili. Jina fupi halina “the”: Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Oman. Jina rasmi huwa na neno la kawaida ndani yake, basi linaitaka: “the United Republic of Tanzania”, “the Republic of Uganda”, “the Sultanate of Oman”. Nchi zisizo na jina fupi la kujitegemea huenda na “the” wakati wote: “the United States”, “the United Arab Emirates”, “the Central African Republic”. Vifupisho vyake hufuata mkondo huohuo: “the USA”, “the UK”, “the UAE”, “the DRC”.

Nchi zenye umbo la wingi nazo zimo: “the Philippines”, “the Maldives” na “the Bahamas”, ambazo ni visiwa vingi, na “the Netherlands”, yaani Uholanzi, ambayo kwa asili ya jina ni nchi za chini.

Jirani zetu wa Kongo wanahitaji uangalifu zaidi. Jina rasmi ni “the Democratic Republic of the Congo”, lenye “the” mbili. Ya kwanza inatokana na neno jamhuri. Ya pili inatokana na mto, kwa sababu nchi hiyo imechukua jina la mto Kongo, na mito hutaka “the”. Gambia nayo imeitwa kwa jina la mto wake, na serikali ya nchi hiyo huandika “The Gambia” kwa herufi kubwa T, kama sehemu ya jina lenyewe.

Utakutana pia na vitabu vya zamani vinavyoandika “the Sudan” na “the Ukraine”. Usiviige. Tangu Ukraine ipate uhuru mwaka 1991, waandishi wengi wameiondoa “the” hiyo, na wananchi wa huko hawapendi kuisikia, kwa kuwa inafanya nchi ionekane kama eneo la nchi nyingine. Siku hizi andika “Sudan” na “Ukraine”.

Majina ya maeneo makubwa yasiyo nchi nayo yagawe. “East Africa” na “West Africa” hayana kitu mbele. Lakini “the Middle East”, “the Horn of Africa”, “the Swahili Coast” na “the Gulf” yanayo, kwa sababu yamejengwa kwa maneno ya kawaida: mashariki, pembe, pwani, ghuba. Vivyo hivyo sema “northern Tanzania” bila “the”, na “the north of Tanzania” ukiwa na “of”.

Mito, maziwa, milima na visiwa

Sehemu hii ni muhimu hasa kwa waongoza watalii, maana wao hutaja majina haya kutwa nzima.

Mito, bahari na bahari kuu zote hutaka “the”: “the Rufiji”, “the Tana”, “the Zambezi”, “the Indian Ocean”. Mifereji iliyochimbwa nayo imo: “the Suez Canal”. Lakini ziwa moja moja haliitaki, kwa sababu neno “Lake” hutangulia jina kama cheo kinavyomtangulia mtu: “Lake Victoria”, “Lake Tanganyika”, “Lake Natron”. Maziwa yakitajwa kwa kundi, wingi unairudisha: “the Great Lakes”. Sentensi moja inaweza kukuonyesha yote mawili: “The Nile flows out of Lake Victoria at Jinja.”

Mlima mmoja hauitaki; safu ya milima inaitaka. Basi mwambie mgeni wako “Mount Kilimanjaro is 5,895 metres high”, na ukimpeleka Lushoto sema “We are in the Usambara Mountains”, au kwa kifupi “the Usambaras”. Vivyo hivyo “Mount Meru” na “Mount Kenya” kwa upande mmoja, “the Uluguru Mountains”, “the Aberdares” na “the Rwenzori Mountains” kwa upande mwingine.

Visiwa hufuata mkondo huohuo wa umoja na wingi. “Pemba”, “Mafia”, “Lamu” na “Mafia Island” ni vitupu. “The Comoros” ni visiwa vingi. Jina la Zanzibar husemwa bila “the”, hata kama ndani yake kuna Unguja, Pemba na visiwa vidogo, kwa sababu umbo la jina ni la umoja. Ukiongeza neno la kawaida la kundi la visiwa, unapata “the Zanzibar Archipelago”.

Mbuga zinawachanganya wengi. Jina kamili la hifadhi halitaki “the”: “Serengeti National Park”, “Ruaha National Park”. Lakini Waingereza na Wamarekani wakitaja eneo lenyewe, nyika na wanyama wake, husema “the Serengeti” na “the Maasai Mara”. Basi “We are going to Serengeti National Park” na “We are going to the Serengeti” zote ni sahihi. Bonde la ufa ni “the Great Rift Valley”. Kreta ni “the Ngorongoro Crater”, ila “Ngorongoro” peke yake haitaki kitu.

Vyuo, hospitali na benki

Hapa ndipo barua nyingi za kazi huharibika. Tazama neno gani limetangulia. Neno “University” likianza na kufuatwa na “of”, weka “the”: “the University of Dar es Salaam”, “the University of Dodoma”, “the University of Nairobi”. Jina la mtu au la mahali likianza, usiweke: “Makerere University”, “Kenyatta University”, “Mzumbe University”. Chuo Kikuu cha Sokoine ni mfano mzuri wa kujipima. Kina “of” ndani yake, lakini jina la Sokoine ndilo lililotangulia, kwa hiyo ni “Sokoine University of Agriculture”, bila “the”. Chuo Kikuu Huria kinaanza na sifa, si jina la mtu, basi ni “the Open University of Tanzania”.

Hospitali zinazoanza na jina hufuata angalizo hilohilo: “Muhimbili National Hospital”, “Kenyatta National Hospital”, “Bugando Medical Centre”. Benki zilizojengwa kwa maneno ya kawaida hutaka “the”: “the Bank of Tanzania”, “the Central Bank of Kenya”, “the World Bank”, “the African Development Bank”. Benki za biashara zenye jina lao la kibiashara haziitaki: “Equity Bank”, “CRDB Bank”. Makampuni mengine mengi ni hivyohivyo, utaandika “Vodacom” na “Safaricom” tu.

Taasisi na vifupisho vyake

Majina marefu ya taasisi mara nyingi hujengwa kwa maneno ya kawaida, basi hutaka “the”: “the United Nations”, “the African Union”, “the East African Community”, “the National Examinations Council of Tanzania”. Vifupisho ndivyo vinavyosumbua, lakini sikio lako litakusaidia. Je, kifupisho unakisoma herufi moja moja, au unakitamka kama neno?

Ukikisoma herufi moja moja, kwa kawaida weka “the”: “the UN”, “the AU”, “the EAC”, “the ICC”, “the IMF”, “the BBC”. Ukikitamka kama neno, usiweke: “UNESCO”, “UNICEF”, “SADC”, “TANESCO”, “NECTA”. Kwa hiyo utaandika “the National Examinations Council of Tanzania” unapolitaja jina zima, na “NECTA” unapolifupisha: “My certificate was issued by NECTA.”

Kanuni hii ya vifupisho ina mapengo mawili ya kujua. Vifupisho vya vyuo haviitaki hata ukivisoma herufi moja moja: “I studied at UDSM.” Makampuni na vituo vingi vya televisheni navyo ni hivyo: “NMB”, “CNN”, “ITV”. Neno “the BBC” limebaki na “the” kwa mazoea.

Watu, vyeo na makabila

Jina la mtu halitaki “the”, wala cheo kikifuatwa na jina: “President Nyerere”, “Professor Mazrui”, “Queen Elizabeth”. Cheo kikisimama peke yake, au kikifuatwa na “of”, kinaitaka: “the President”, “the Sultan of Zanzibar”. Kinachosahaulika zaidi ni marehemu. Kwa Kiingereza marehemu ni “the late”, na “the” yake haiondoki: “the late President Nyerere”, “the late Bibi Titi Mohamed”. Ukiandika tanzia au hotuba, kumbuka hilo.

Ukoo mzima hutajwa kwa wingi na “the”: “the Obamas”, yaani mume, mke na watoto. Na kuna wakati jina la mtu mmoja nalo hupata “the”, pale unapohitaji kumtofautisha na wenye jina kama lake. Sisi tungesema “Asha yule anayefundisha Mwanza”. Kiingereza husema “the Asha who teaches in Mwanza”. Vivyo hivyo kwa mahali unapotaja zama fulani: “the Zanzibar of the 1950s”.

Makabila na watu wa nchi hutazamwa kama kundi. “The Maasai”, “the Sukuma”, “the Kikuyu”, “the Swahili”, “the British”, “the Chinese”. Majina yanayopokea s ya wingi, kama “Kenyans” na “Tanzanians”, yanaweza kusimama bila “the”. Lugha haiitaki kamwe ikiwa peke yake. Linganisha: “The Swahili live along the coast” ni Waswahili, “They speak Swahili” ni Kiswahili. Ukiongeza neno lugha lenyewe, “the” inarudi: “the Swahili language”.

Mitaa, majengo, dini na matukio

Mitaa, barabara za mjini, viwanja vya ndege na stesheni ni vitupu: “Samora Avenue”, “Kenyatta Avenue”, “Julius Nyerere International Airport”. Makanisa yenye jina la mtakatifu pia: “St Joseph's Cathedral”. Mjini Mombasa utasema “Fort Jesus”, lakini Unguja utasema “the Old Fort” na “the House of Wonders”, maana hayo yamejengwa kwa maneno ya kawaida: ngome kongwe, jumba la maajabu. Makumbusho kwa kawaida hutaka “the”: “the National Museum”, “the British Museum”. Mji mmoja wa Uholanzi, ulio na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, una “The” ndani ya jina lake na huandikwa kwa herufi kubwa daima: “The Hague”.

Vitabu vitakatifu hutaka “the”: “the Qur'an”, “the Bible”. Sikukuu na mwezi wa mfungo haviitaki: “Eid”, “Christmas”, “Easter”, “Ramadan”. “God” na “Allah” hayana kitu mbele.

Matukio ya historia na matamko huitaka, hata jina la mahali likitangulia: “the Zanzibar Revolution” ya 1964, “the Arusha Declaration” ya 1967, “the Maji Maji Rebellion” ya 1905 hadi 1907. Vita ya pili ya dunia ina njia mbili, zote sahihi: “the Second World War”, au “World War II” bila “the”.

Magazeti hutegemea jina lililoandikwa juu ya ukurasa wa kwanza. “The Citizen” na “The Standard” yana “The” kama sehemu ya jina. Magazeti ya Kiswahili kama Mwananchi na Taifa Leo hayaitaki unapoyataja kwa Kiingereza.

Kosa linalojirudia kuliko mengine

Wengi huandika “the Tanzania's economy”. Alama ya umilikaji, ile ’s, ikiambatana na jina la mahali au la mtu, hufukuza “the”. Una njia tatu sahihi za kusema uchumi wa Tanzania: “Tanzania's economy”, “the economy of Tanzania” na “the Tanzanian economy”. Zijaribu kwa majina mengine: “Nairobi's roads”, “the roads of Nairobi”. Katika njia ya pili na ya tatu, “the” haiko kwa ajili ya Tanzania wala Nairobi. Iko kwa ajili ya uchumi na barabara.

Herufi ndogo au kubwa? Na inatamkwaje?

Katikati ya sentensi andika “the” kwa herufi ndogo: “I work for the African Union.” Herufi kubwa ni ya mwanzo wa sentensi, na ya majina machache yaliyoibeba kama sehemu yao, kama “The Hague”, “The Gambia” na “The Citizen”.

Katika matamshi, sauti ya mwanzo ni dh ya dhahabu, si z wala d. Mbele ya konsonanti hutamkwa kwa ufupi, kati ya “dha” na “dhe”: “the Nile”, “the Congo”. Mbele ya irabu hutamkwa “dhi”: “the Indian Ocean”, “the African Union”. Fuata sauti, usifuate herufi. “The United Nations” huandikwa kwa u, lakini husikika “yu”, kwa hiyo hutamkwa kwa ufupi. “The Usambaras” huanza na u yetu ya kawaida, kwa hiyo ni “dhi”. Ukisikia mtu anauliza “Are you the Eliud Kipchoge?” kwa kuivuta “dhii”, anauliza kama ndiye yule bingwa mwenyewe wa mbio.

Je, kwenye fomu na bahasha niweke “the”?

Hapana. Katika fomu, anwani, orodha, ramani, vichwa vya jedwali na mabango, “the” huachwa. Sehemu ya fomu inayouliza nchi, jaza “United Arab Emirates” tu. Kwenye orodha ya elimu katika wasifu wako, “University of Dodoma” peke yake inatosha. “The” inahitajika pale jina linapoingia ndani ya sentensi. Hii pia ni tahadhari: ukitaka kujua taasisi inaandikwaje, usiangalie kibao chake cha getini wala kichwa cha barua yake, maana huko “the” huwa imeshaondolewa. Soma sentensi zake, kama vile tangazo la kazi au maelezo ya historia yake.

Mfano wa barua, kabla na baada

Hii hapa aya iliyoandikwa bila kufuata mpango: “I am a graduate of University of Dar es Salaam. From 2019 to 2022 I worked in United Arab Emirates, and later I joined the Muhimbili National Hospital. I live in the Kigamboni, near Indian Ocean. I speak the Swahili, the English and Arabic.”

Ikirekebishwa inakuwa hivi: “I am a graduate of the University of Dar es Salaam. From 2019 to 2022 I worked in the United Arab Emirates, and later I joined Muhimbili National Hospital. I live in Kigamboni, near the Indian Ocean. I speak Swahili, English and Arabic.”

Pitia kila badiliko ujitajie sababu yake. Chuo kimeanza na neno la kawaida likifuatwa na “of”. Emirates ni wingi. Hospitali imeanza na jina. Kigamboni ni jina la mahali linalojitosheleza. Bahari hutaka “the” siku zote. Lugha haiitaki.

Nijifunzie wapi, na kwa gharama gani?

Kwa simu, huhitaji kulipia chochote zaidi ya bando. Kamusi za Cambridge na Oxford za wanaojifunza Kiingereza zinapatikana bure kwenye intaneti. Andika jina kama “Nile” au “Netherlands” uone kama wameweka “the” kwenye mifano. Masomo ya British Council na BBC ya kujifunza Kiingereza nayo ni bure, na yana mazoezi yenye majibu.

Ukipenda kitabu cha kushika mkononi, tafuta “English Grammar in Use” cha Raymond Murphy, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1985. Kina masomo mawili ya majina yenye “the” na yasiyo nayo, pamoja na mazoezi. Kitafute kwa wauzaji wa vitabu vilivyotumika kabla hujaenda kwenye duka la vitabu vipya, kwa kuwa kanuni hizi hazijabadilika na toleo la zamani linatosha. Kama hutaki kununua, ulizia maktaba ya mkoa wako kwa upande wa Tanzania, au maktaba ya umma iliyo karibu nawe kwa upande wa Kenya. Ada ya kusoma au kuazima waulize mapokezi kabla ya kujiandikisha.

Pia soma gazeti la Kiingereza ukiwa na kalamu. Chagua habari moja, piga mstari chini ya kila jina la pekee, kisha jiulize yale maswali matatu: limejengwa kwa maneno ya kawaida? Liko katika wingi? Ni mto, bahari au jangwa? Jina lisilofuata mpango liandike kwenye daftari pamoja na sentensi yake.

Ukishazoea, chukua wasifu wako au barua yako ya mwisho ya kuomba kazi. Andika pembeni majina yote yaliyomo: shule, vyuo, waajiri, miji, nchi na lugha. Yapime moja moja, rekebisha yanayohitaji kurekebishwa, kisha ihifadhi nakala hiyo iwe ndiyo unayoitumia. Majina ya maisha ya mtu mmoja si mengi, na ukishayaweka sawa mara moja hutalazimika kuyabahatisha tena.